Namna ya Kutafiti Biashara ya Dawa Kati ya Nchi na Afya ya Watu: Kutoka Swali Hadi Makala

Kidonge kimoja huhesabiwa mara mbili. Bandarini, ofisa wa forodha hukihesabu kama thamani na uzito ndani ya shehena. Kwenye zahanati, mfamasia hukihesabu kama dozi iliyomfikia mgonjwa. Anayetafiti afya ya binadamu na biashara ya kimataifa kwa pamoja anafanya kazi katikati ya madaftari hayo mawili, na makosa makubwa ya fani hii karibu yote huzaliwa pale yanapounganishwa: msimbo wa forodha usiolingana na dawa yenyewe, mwaka wa shehena usiolingana na mwaka wa ugonjwa, dola zinazochukuliwa kana kwamba ni dozi. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu na wa mtafiti anayeanza, na mkazo umewekwa kwenye kiungo hicho.

Hatua ya 1: Bana swali mpaka lipimike

"Athari za utandawazi kwa afya" ni mada ya kujaza maktaba, haiwezi kuwa swali la tasnifu moja. Swali linalofanyika lina mambo matano yaliyotajwa waziwazi: bidhaa gani, inatoka wapi kwenda wapi, miaka ipi, tokeo gani, na kwa njia ipi bidhaa hiyo inaligusa tokeo hilo. Linganisha na hili: "Je, kupunguzwa kwa ushuru wa forodha wa insulini iliyofungashwa kulishusha bei ya insulini inapoingia nchini ndani ya miaka mitatu iliyofuata?" Hapo unajua utafute nini na utajua lini umepata jibu.

Zingatia tokeo ulilochagua liko umbali gani kutoka mpakani. Kati ya bandari na kifo kilichozuiwa kuna bohari, usafiri wa ndani, zahanati yenye mhudumu, mgonjwa mwenye nauli na dozi inayomalizwa. Kila kiungo hupoteza sehemu ya athari na kuongeza kelele kwenye takwimu. Kwa utafiti wa mwaka mmoja, chagua tokeo lililo karibu na mpaka: bei ya dawa inapoingia nchini, upatikanaji wa dawa rafuni, kiasi kilichoagizwa kwa kila watu 1,000. Vifo waachie watafiti wenye data za mgonjwa mmoja mmoja au sera iliyobadilika ghafla kwa kishindo.

Hatua ya 2: Soma pande zote mbili, kisha soma sheria

Wataalamu wa afya na wachumi huandika kuhusu jambo lilelile kwa msamiati tofauti na kwenye hifadhidata tofauti. Ukitafuta PubMed peke yake, hifadhidata ya machapisho ya tiba na afya, utakosa kazi nyingi zilizofanyika. Ingia pia EconLit au RePEc, ambazo ni za machapisho ya uchumi, na badala ya kubahatisha maneno, tafuta kwa misimbo ya JEL inayopanga machapisho hayo kwa mada: I18 kwa sera za afya, F14 kwa tafiti za kitakwimu za biashara ya kimataifa, O34 kwa hakimiliki za ubunifu na hataza (haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake). Kwa PubMed tumia istilahi za MeSH, ambazo hukusanya visawe chini ya neno moja. Kila utafutaji uandike kwenye lahajedwali: tarehe, hifadhidata, maneno kamili uliyoandika, idadi ya matokeo. Mapitio yako yakija kuripotiwa kwa PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio ya tafiti wenye vipengele 27, safu hizo nne ndizo utakazoulizwa kwanza, na huwezi kuzitunga baadaye kwa kumbukumbu.

Sheria nayo isomwe mapema kwa sababu tarehe zake ndizo zitakazokupa "kabla" na "baada". Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu hakimiliki za ubunifu, ulianza kutumika 1 Januari 1995 na unataka hataza ilindwe kwa angalau miaka 20 tangu siku maombi yalipowasilishwa. Tamko la Doha la Novemba 2001 lilithibitisha haki ya nchi kutoa leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza dawa bila idhini ya mwenye hataza. Uamuzi wa shirika hilo wa 30 Agosti 2003 ulifungua mlango kwa nchi isiyo na viwanda vya kutosha kuagiza dawa zilizotengenezwa chini ya leseni ya lazima kwingineko, na baadaye ukawa kifungu cha 31 bis cha TRIPS kilichoanza kutumika 23 Januari 2017. India ilianza kutoa hataza kwa dawa zenyewe, na si kwa njia za kuzitengeneza tu, mwaka 2005. Nchi zenye maendeleo duni kabisa zimeongezewa muda wa kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033.

Usichukue tarehe ya sheria ukaiweka moja kwa moja kwenye modeli. Rwanda ilitoa taarifa ya kuutumia uamuzi wa 2003 mwaka 2007, nayo shehena ya kwanza ya dawa za UKIMWI kutoka Canada ikasafirishwa 2008. Tangu mlango ufunguliwe hadi dawa ipite ilikuwa miaka mitano. Tengeneza jedwali lenye safu tatu kwa kila sera: siku iliyopitishwa, siku iliyoanza kutumika, mwezi ambapo bidhaa ya kwanza ilionekana kwenye takwimu. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi.

Hatua ya 3: Ijue misimbo ya forodha kama unavyoijua dawa yako

Bidhaa zinazovuka mipaka hupangwa kwa mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni za kimataifa. Zinazofuata kila nchi hujiwekea zake, kwa hiyo usilinganishe nchi mbili kwa tarakimu nane. Dawa ziko sura ya 30. Kichwa 3004 ni dawa zilizofungashwa kwa dozi au kwa kuuzwa rejareja. 3003 ni dawa zilizochanganywa lakini bado ni shehena ya jumla. 3002 ina damu, chanjo na bidhaa za kinga.

Ndani ya 3004 kuna dawa zenye msimbo wao na zisizo nao. Penisilini zilizofungashwa ni 3004.10, antibiotiki nyingine 3004.20, insulini 3004.31, dawa za malaria 3004.60. Metformin, dawa ya kisukari, haina msimbo wake. Imezama ndani ya 3004.90 pamoja na maelfu ya dawa za kila aina. Ikiwa swali lako ni la metformin, data za tarakimu sita haziwezi kulijibu hata uzichambue vipi. Ama ubadili dawa, ama upate rekodi za shehena moja moja zenye maelezo ya bidhaa, ama uende kwenye kumbukumbu za manunuzi za bohari za dawa. Ni bora kulijua hili wiki ya kwanza kuliko mwezi wa sita.

Kiambato hai, yaani dawa kabla haijawa kidonge, kiko sura nyingine kabisa. Insulini ghafi ni 2937.12 na antibiotiki ghafi ziko 2941. Nchi inayojenga viwanda vya vidonge itaonekana kupunguza uagizaji wa 3004 huku 2941 ikipanda. Asiyeangalia sura ya 29 ataandika kuwa upatikanaji wa dawa umeporomoka, kumbe dawa zinatengenezwa nyumbani.

Mfumo hurekebishwa kila baada ya miaka michache: 1992, 1996, 2002, 2007, 2012, 2017 na 2022. Hapa ndipo mfululizo wa miaka hukatika bila kelele. Mpaka toleo la 2017, chanjo za binadamu zilikuwa 3002.20, toleo la 2022 likazihamishia 3002.41. Vitendanishi vya kupimia malaria vilipata msimbo wao 3002.11 mwaka 2017, kisha vikahamishwa hadi 3822.11 mwaka 2022. Msimbo wa dawa za malaria wenyewe ulizaliwa na toleo la 2017, kwa hiyo mtu anayedai kuonyesha mwenendo wa 3004.60 tangu mwaka 2000 anaonyesha kitu kingine. Zaidi ya hapo, nchi hazihamii toleo jipya siku moja. Kabla ya kupakua lolote, andika ukurasa mmoja wenye kila bidhaa yako, msimbo wake katika kila toleo, na mahali ambapo haiwezi kufuatiliwa.

Hatua ya 4: Pakua na usafishe data za biashara

Tenga muda mrefu kwa hatua hii kuliko unavyodhani. Kwa tasnifu ya uzamili, miezi miwili si mingi. Chanzo kikuu ni UN Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa. Kituo cha utafiti cha CEPII cha Ufaransa nacho hutoa BACI, ambayo ni data zilezile zilizosawazishwa ili taarifa ya muuzaji na ya mnunuzi zikubaliane. Kwa ushuru wa forodha tumia WITS, hifadhidata ya Benki ya Dunia, na hakikisha unachukua ushuru unaotozwa kweli, maana kile kiwango cha juu ambacho nchi imeahidi kutokivuka mara nyingi kiko mbali na kinachotozwa.

Tarakimu za muuzaji na mnunuzi hazitalingana, na kuna sababu. Mauzo ya nje huandikwa kwa thamani ya FOB, yaani bidhaa ikiwa imepakiwa bandarini inakotoka. Uagizaji huandikwa kwa CIF, pamoja na bima na nauli. Kwa makadirio ya haraka watafiti wengi wamezoea kuchukua tofauti ya asilimia 10, ila kwa dawa makadirio hayo ni ya kuangaliwa: dawa nyepesi yenye bei kubwa nauli yake ni ndogo kwa thamani yake, chanjo inayosafiri kwa ndege na barafu ni jambo jingine. Pia uagizaji huandikwa kwa nchi bidhaa ilikotengenezwa, ilhali mauzo huandikwa kwa mwisho wa safari unaojulikana na muuzaji. Shehena ikipitia ghala la nchi ya tatu, muuzaji anaitaja nchi ya ghala na mnunuzi anaitaja nchi ya kiwanda. Kwa utafiti wa afya, anza na takwimu za mnunuzi. Forodha huangalia kwa makini zaidi kinachoingia, kwani ndicho kinachotozwa kodi.

Makosa mengine ni ya kompyuta, na yanaumiza zaidi kwa sababu hayatoi onyo:

– Misimbo ya nchi. UN Comtrade huandika India 699, Marekani 842, Ufaransa 251, Uswisi 757 na Norwe 579. Kwenye orodha ya kawaida ya ISO, shirika la viwango la kimataifa, nchi hizo ni 356, 840, 250, 756 na 578. Ukiunganisha mafaili kwa namba hizo bila kuzirekebisha, umewafuta baadhi ya wauzaji wakubwa wa dawa duniani na programu haitasema neno.

– Namibia. Kifupi chake cha herufi mbili ni NA, ambacho programu ya R na maktaba ya pandas ya Python huweza kukisoma kama "hakuna data". Tumia herufi tatu, NAM, au iambie programu isome safu hiyo kama maandishi.

– Vipimo. BACI hutoa thamani kwa maelfu ya dola na kiasi kwa tani. Comtrade hutoa dola na kilo. Ukichanganya miaka kutoka vyanzo viwili, kosa ni la mara 1,000.

– Uzito usiojazwa. Safu za kilo zina mapengo mengi, na baadhi zimejazwa kwa makadirio. Weka safu ya alama inayoonyesha uzito upi uliripotiwa na upi ulikadiriwa, kisha urudie uchambuzi mkuu bila uzito uliokadiriwa.

Baada ya kila muunganisho wa mafaili, hesabu mistari kabla na baada, na uchapishe orodha ya nchi zilizodondoka. Isome kwa macho, jina kwa jina. Dakika kumi za kusoma orodha hiyo zimeokoa tasnifu nyingi.

Liko jambo moja ambalo usafishaji hauwezi kulitibu. Sehemu kubwa ya biashara ya dawa hufanyika ndani ya kampuni moja yenye matawi nchi tofauti, na bei ambayo tawi humuuzia tawi mwenzake hupangwa kwa kuangalia kodi. Thamani ya mauzo ya nje ya nchi yenye kodi nafuu kwa hiyo inaweza kupaa bila kidonge hata kimoja kuongezeka. Mtu anayesoma dola kama kipimo cha dawa anapaswa kulisema hili katika mbinu zake, siyo kulificha kwenye sentensi ya mwisho ya mapungufu.

Hatua ya 5: Geuza dola ziwe dozi

Kipimo kinachounganisha madaftari mawili ni DDD, dozi ya siku iliyowekwa kwa kila dawa chini ya ATC, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga dawa kwa makundi. Tuchukue metformin, msimbo A10BA02, yenye DDD ya gramu 2. Tuseme kumbukumbu ya manunuzi inaonyesha pakiti 1,000, kila moja vidonge 100 vya miligramu 500, kwa dola 2,000 zote.

Vidonge ni 100,000. Dawa yenyewe ni gramu 50,000. Gawa kwa 2, unapata DDD 25,000. Bei ni dola 0.08 kwa DDD, au dola 0.02 kwa kidonge. Sasa muuzaji mwingine analeta vidonge vya miligramu 850 kwa dola 0.03 kimoja. Kwa kidonge ameongeza nusu nzima ya bei. Lakini DDD moja inahitaji vidonge 2.35 vya kwake, sawa na dola 0.071. Ni nafuu kuliko wa kwanza. Utafiti uliolinganisha bei kwa kidonge ungesema kinyume.

Ili kulinganisha nchi, zidisha DDD zote za mwaka kwa 1,000, kisha ugawe kwa idadi ya watu mara siku 365. Hiyo ni DDD kwa watu 1,000 kwa siku.

Tahadhari ni tatu. DDD ni kipimo cha kulinganishia, haikusudiwi kuwa dozi ya kumwandikia mgonjwa, na dozi ya mtoto haimo. Chanjo, dawa za kupaka na dawa za saratani hazijawekewa DDD. Na DDD hubadilika: ya amoxicillin ya kumeza ilipandishwa kutoka gramu 1 hadi 1.5 mwaka 2019. Ukitumia 1 kwa miaka ya nyuma na 1.5 kwa miaka ya mbele, matumizi yataonekana kushuka kwa theluthi moja bila mtu yeyote kuacha kumeza. Tumia toleo moja kwa miaka yote, na litaje.

Kilo za forodha zisigeuzwe DDD moja kwa moja. Uzito wa kidonge una vijazio, na kidonge cha miligramu 500 kina uzito zaidi ya miligramu 500.

Hatua ya 6: Chunguza data za afya zilitengenezwaje

Swali la kuuliza kila safu ya takwimu za afya ni moja: hii imehesabiwa au imekadiriwa? Nchi nyingi hazina usajili kamili wa vifo, na tarakimu zinazochapishwa ni matokeo ya modeli. Makadirio ya vifo vya uzazi ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa mfano, hutegemea pato la taifa kwa kila mtu, kiwango cha uzazi na asilimia ya wanaojifungua mikononi mwa mtaalamu pale data zinapopungua. Mtafiti akichukua makadirio hayo, akayaweka upande mmoja wa regresheni (hesabu ya kupima uhusiano kati ya vigezo) na pato la taifa upande mwingine, atapata uhusiano mzuri wa kuvutia. Amekirudisha tu kile wakadiriaji walichokiweka. Biashara nayo inatembea na pato la taifa, kwa hiyo hatari ni ileile. Soma kiambatisho cha mbinu cha kila chanzo na utafute orodha ya vigezo vilivyotumika. Kigezo chako kikiwemo, tafuta chanzo kingine.

Tafiti za kaya za DHS, zinazohusu idadi ya watu na afya na zilizoanza 1984, zimepimwa kwa watu halisi na ni msingi imara zaidi, ila zimekuwa zikifanyika kwa vipindi vya miaka kadhaa. Usijaze miaka ya katikati kwa mstari ulionyooka kisha ukaihesabu kama data mpya. Kama unapima umbali kutoka kaya hadi mpakani au bandarini, jua kuwa majira ya GPS ya DHS husogezwa kwa makusudi ili kulinda siri za watu: hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini, na asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi kilomita 10. Umbali wa kilomita tatu hauna maana kwenye data hizo.

Hatua ya 7: Uchambuzi

Biashara kati ya nchi mbili huchambuliwa kwa modeli ya uvutano, ambayo Jan Tinbergen aliitumia mwaka 1962: nchi kubwa hufanya biashara zaidi, nchi zilizotengwa na umbali mkubwa hufanya kidogo. Tatizo la kwanza ni sifuri. Nchi nyingi hazikuuziana dawa fulani mwaka fulani, na logi ya sifuri haipo. Wengi hutoroka kwa kuongeza 1 kabla ya kuchukua logi. Usifanye hivyo: kuongeza 1 kwenye dola na kuongeza 1 kwenye maelfu ya dola hutoa majibu tofauti kwa data zilezile, kwa hiyo jibu lako litategemea kipimo ulichochagua. Tumia makadirio ya Poisson, PPML, yaliyopendekezwa na Santos Silva na Tenreyro mwaka 2006. Katika Stata amri ni ppmlhdfe. Katika R ni fepois kwenye kifurushi cha fixest.

Utaweka athari thabiti (vigezo vinavyobeba kila kisichobadilika ndani ya kundi) za muuzaji kwa mwaka, mnunuzi kwa mwaka, na za kila jozi ya nchi. Hapo unagonga ukuta ambao unawakatisha tamaa wengi: kiwango cha ugonjwa cha nchi inayonunua hakibadiliki ndani ya nchi hiyo na mwaka huo, kwa hiyo athari thabiti za mnunuzi kwa mwaka hukimeza chote na programu inakiondoa. Dawa yake ni kuongeza kipimo cha bidhaa. Linganisha dawa za malaria na dawa nyingine ndani ya nchi ileile mwaka uleule, kisha uzidishe kiwango cha malaria na alama ya "hii ni dawa ya malaria". Kila kinachoigusa nchi nzima, kama shilingi kushuka au bandari kufungwa, kinagusa makundi yote mawili na kinajiondoa chenyewe.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Nchi yenye malaria nyingi huagiza dawa nyingi za malaria. Ukiweka vifo upande mmoja na uagizaji upande mwingine, regresheni itakuambia dawa zinaua. Kuchelewesha kigezo kwa mwaka mmoja hakutibu tatizo hili, kwa kuwa ugonjwa wa mwaka jana unafanana na wa mwaka huu. Unahitaji badiliko la uagizaji ambalo halikusababishwa na ugonjwa: ushuru uliofutwa kwa sababu ya mkataba wa jumla wa biashara, hataza iliyokwisha muda wake kwingine, kiwanda kilichofungwa upande wa pili wa dunia. Nchi zikiingia kwenye sera kwa miaka tofauti, regresheni ya kawaida ya athari mbili thabiti, za nchi na za mwaka, hulinganisha waliochelewa na waliotangulia kana kwamba waliotangulia hawajaguswa. Tumia mbinu ya Callaway na Sant'Anna ya 2021. Onyesha pia grafu ya miaka ya kabla ya sera. Mistari ikiwa imeshaachana kabla, simama hapo.

Miaka ya 2020 na 2021 ilikuwa na marufuku za kuuza nje na misaada ya dharura. Toa matokeo yakiwemo na yasipokuwemo.

Hatua ya 8: Ukienda kwa watu

Ukihoji wagonjwa, wafamasia au waagizaji, maombi ya kamati ya maadili yaende kabla ya yote haya, maana majibu yanaweza kuchukua miezi, na kila nchi utakayohoji watu ina kamati yake. Azimio la Helsinki la 1964 kuhusu maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, lililorekebishwa mara ya mwisho 2024, ndilo msingi. Mwagizaji wa dawa naye ni mshiriki: bei anazokutajia ni siri ya biashara, na sokoni kukiwa na waagizaji watatu tu, kuandika "mwagizaji mkubwa" ni kumtaja jina.

Ukubwa wa sampuli kwa kupima kiwango usichokijua, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, ni 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05², yaani 385. Ukichagua zahanati kwanza kisha wagonjwa ndani yake, zidisha kwa athari ya muundo, yaani nyongeza ya kufidia kufanana kwa wagonjwa wa zahanati moja; kwa 1.5 inakuwa 578. Ukitarajia asilimia 10 wakatae, gawa kwa 0.9: 643. Wengi huzidisha kwa 1.1, wakapata 636, na kuishia pungufu.

Hatua ya 9: Andika na uhifadhi

Amua mapema unaandikia nani. Majarida mengi ya afya hutaka maneno 3,000 hadi 4,000, muhtasari wenye vichwa na STROBE, orodha ya kuripoti tafiti za uchunguzi yenye vipengele 22. Ya uchumi na biashara huvumilia makala ndefu mara mbili au tatu ya hapo, na hudai nadharia na majaribio mengi ya uimara. Makala moja haiwezi kuvaa nguo zote mbili. Jarida linalokuahidi kukubali ndani ya siku chache kwa malipo, bila wahakiki, liache.

Data za Comtrade hurekebishwa baada ya kuchapishwa, kwa hiyo faili ulilopakua Machi si lazima lifanane na la Septemba. Faili ghafi lihifadhiwe bila kuguswa, kwenye folda isiyoruhusu kuandikwa juu yake, na kila badiliko lifanywe kwa msimbo wa programu, kamwe si kwa mkono ndani ya lahajedwali. Kando yake weka faili fupi la maandishi lenye tarehe ya kupakua, toleo la HS, upande uliochukua taarifa (mnunuzi au muuzaji), kipimo cha thamani na cha uzito, toleo la DDD, na orodha ya nchi zilizodondoka kwa kila muunganisho pamoja na sababu. Liweke lote Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, upate DOI (kitambulisho cha kudumu), na DOI hiyo uiandike kwenye sehemu ya mbinu kabla hujatuma makala.